FIME YA VIOO VYA MOTOKARI: NI GANI YA KUCHAGUA?



Mnajua wote kama mwenzetu wa darasa la tatu aligongwa na motokari mwezi wa pili, pale njia ya shule inapokutana na barabara kubwa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu ya magaribi, giza linaanza kuingia. Mguu ulivunjika. Shofere hakuwa amelewa, wala hakuwa anakimbia. Alikata kona pole pole, akatazama kwa kioo cha pembeni, akapita. Kisha alisema neno moja tu: «Sikumuona.» Wengi tulifikiri anadanganya. Lakini tulipoikaribia motokari tuliona kama vioo vyote vya pembeni, hata vile vya mbele, vilibandikwa fime nyeusi ti. Mmoja wetu aliingia ndani na kutazama inje: watu waliosimama chini ya mwembe hakuwaona, aliona mwembe tu.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Juma ile ile, yaya wa mwenzetu mmoja wa darasa la sita alikuwa anatayarisha kufungua duka la kubandika fime hapa Lubumbashi. Alikuwa amefanya kazi miaka mine katika garaji ya watu, akaweka feza kidogo kidogo, na wazazi wakamuongezea feza ya minervali ya wadogo wake wawili, kwa ahadi kama atairudisha mbele ya mwisho wa trimestre. Mfanyabiashara mmoja akamshauri: «Nunua rulo sita, zote nyeusi ya mwisho. Watu wanapenda hiyo.» Sisi tulio makapita wa wanafunzi tulisikia habari hiyo, na kwa hasira ya ajali tulienda kumgombeza. Yeye hakukasirika. Alituuliza: «Basi ninunue gani?» Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tulianza kutafuta, kwa msaada wa Bwana mwalimu wa fizika, na hapa tunawaeleza tuliyoyapata.

Kwanza, fime ni nini? Ni karatasi ya plastiki inayoitwa poliesteri, ndugu ya chupa za maji na ya nyuzi za nguo. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waliitengeneza mwaka 1941. Mwaka 1966 kampuni 3M ya Marekani ilipata brevet ya kuifanya kuwa karatasi ya kuzuia jua kwenye vioo. Unene wake ni kama mikroni 40 ao 50, ni kusema ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Upande mmoja una kole, na kole inafunikwa na plastiki safi ambayo fundi anaitupa siku ya kubandika. Upande mwingine una ngozi ngumu ili isichunike wakati kioo kinapanda na kushuka. Katikati ndipo mnaingia rangi ao dawa ya kuzuia moto wa jua. Na hapo katikati ndipo bei inapotengana.

Fime inabandikwa upande wa ndani wa kioo, si inje. Inje mvua na mchanga vingeimaliza upesi.

Neno ambalo wanunuzi wengi hawaelewi ni namba. Kwenye rulo imeandikwa 5, 20, 35, 50 ao 70. Wengine wanafikiri 70 ni nyeusi kuliko 5, sababu namba ni kubwa. Ni kinyume. Namba inaonyesha mwangaza unaopita: katika mia ya mwangaza, 70 inaacha 70 ipite, na 5 inaacha 5 tu. Tena kioo chenyewe, hata bila kitu juu yake, kinakula sehemu ya mwangaza. Kioo cha pembeni cha motokari nyingi kinaacha kama 75 ao 80 kwa mia. Kwa hiyo ukibandika fime ya 35 juu ya kioo cha 75, hupati 35. Unazidisha: 0,75 mara 0,35 inafanya karibu 26 kwa mia.

Hapa kwetu hesabu hiyo ni ya lazima, na tuonyeshe sababu. Motokari nyingi za mji wetu zinatoka Japani zikiwa zimetumika, zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Kule Japani sheria inataka vioo vya mbele na vile vya pembeni mwa shofere vipitishe 70 kwa mia ao zaidi, lakini vya nyuma vinaweza kuwa na giza. Basi motokari ndefu za familia na djipu zinafika hapa vioo vya nyuma vikiwa vyeusi tayari, rangi imo ndani ya kioo tangu kiwandani. Kioo kama hicho kinaweza kuwa 25 kwa mia. Mwenye motokari anakuja na kusema: «Ongeza tena ya 20.» Zidisha: 0,25 mara 0,20 inafanya 5. Ni usiku kamili. Fundi asiyejua kuzidisha atamuuzia mtu kitu ambacho huyo mtu mwenyewe hakukiomba. (Wale wa darasa la kwanza wanaouliza kila siku desimali zinafaa nini, mmepata jibu.)

Sasa tuje kwa aina za fime. Hapa tunaomba msome kwa uangalifu, maana hapa ndipo feza ya minervali ilikuwa karibu kupotea.

Ya kwanza ni ile ya rangi tupu. Ni ya bei ndogo na ndiyo inayojaa sokoni. Rangi yake nyeusi si rangi moja; ni mchanganyiko wa rangi mbalimbali, na jua haliziui zote kwa siku moja. Moja inakufa mbele ya zingine, na fime inageuka violeti. Mmeziona hizo motokari zenye kioo cha nyuma kama juisi ya zabibu, kimejaa mapovu. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1200, na jua la kiangazi linapiga miezi mingi bila wingu. Rangi dhaifu haidumu. Mbaya zaidi ni zile ambazo rangi imechanganywa ndani ya kole yenyewe. Bwana mwalimu alitufundisha namna ya kuzitambua: kata kipande kidogo, ondoa plastiki ya kufunika, pangusa upande wa kole kwa pamba iliyolowanishwa na dawa ya kuondolea vernis ya kucha. Kole itatoka, hiyo si kitu. Lakini kama pamba inakuwa nyeusi na karatasi inabaki nyeupe, rudisha rulo kwa mwenyewe. Tulipima vipande vitatu kutoka kwa mfanyabiashara yule wa rulo sita. Viwili viligeuka vyeupe mikononi mwetu.

Ya pili ina madini ndani yake, tabaka nyembamba ya aluminiamu ao ya metali zingine. Hata shaba inatumika katika fime fulani, na sisi watoto wa Katanga tulifurahi kusikia. Inarudisha jua kama kioo cha kujitazama na haipoteza rangi upesi. Shida yake: metali inasumbua mawimbi. Kama antena ya redio imo ndani ya kioo cha nyuma, redio inapiga kelele, na telefone pia inaweza kupungukiwa na rezo.

Ya tatu ni ya kaboni, kama masizi safi yaliyosagwa. Haigeuki violeti, haigusi redio, na bei yake iko katikati. Ya ine ni ya seramiki: vumbi ndogo sana zisizoonekana, ambazo zinazuia moto wa jua bila kuzuia sana mwangaza. Hiyo ni ya bei kubwa.

Hapo yaya alituuliza ulizo ambalo kila mteja anauliza: «Nyeusi si ndiyo inaleta baridi?» Sisi pia tulifikiri hivyo. Lakini jua halileti mwangaza peke yake. Katika nguvu yote ya jua inayotufikia, kama 44 kwa mia ni mwangaza tunaouona, kama 53 ni mnururisho tusiouona unaoitwa infraruji, na kama 3 ni ultravioleti, ile inayochoma ngozi na kupausha viti. Fime ya rangi tupu inafanya kazi zaidi juu ya ile sehemu tunayoiona. Infraruji nyingi inapita tu. Tena rangi nyeusi inakunywa joto, kioo kinapata moto, na sehemu ya moto ule inaingia ndani kwa mtu aliyekaa karibu. Gusa kioo cheusi saa nane ya mchana, utaelewa.

Ili tusibishane bure, tulifanya majaribio. Tulichukua makartoni mane ya ukubwa mmoja, tukayapaka nyeusi ndani, kila moja likafunikwa na kipande cha kioo cha ukubwa mmoja na termometri ndani. Kimoja bila fime, kimoja na fime ya rangi ya 5, kimoja na seramiki ya 70, kimoja na seramiki ya 35. Tuliyaweka kwenye uwanja wa mpira saa sita, siku mvua iliyotukatalia jua kwa juma moja ilipotuachia. Nyuma ya nusu saa: bila fime digri 61, rangi ya 5, digri 54, seramiki ya 70, digri 53, seramiki ya 35, digri 50. Tofauti ya digri moja si ya kuapia, sababu termometri zetu ni za zamani na moja inapenda kuchelewa. Lakini tazameni: ile karatasi ya 70, ambayo ukiiona unafikiri hakuna kitu kwenye kioo, ilikuwa sawa na ile nyeusi ti. Yaya alisimama pale muda mrefu bila kusema. Kisha mdogo wake akamwambia: «Yaya, uko nauzisha baridi ao uko nauzisha giza?»

Jaribio la pili tulilifanya magaribi. Mmoja wetu alivaa surueti nyeusi juu ya iniforme na kusimama njiani, hatua ishirini mbali, pale pale mwenzetu alipogongwa. Sisi tulitazama kwa zamu kupitia kioo cha mlango tulichoazima garajini, tukibadilisha fime. Bila fime tulimuona vizuri. Kwa 70 vile vile. Kwa 35 tuliona umbo la mtu bila uso. Kwa 20 tulibishana: wengine walisema yuko, wengine walisema ni mti. Kwa 5 hakuna aliyemuona, mpaka alipowasha telefone yake. Tangu siku ile hatujasema tena kama yule shofere alidanganya. Alikosa, ndiyo, lakini kosa lake lilianza siku aliyopeleka motokari kubandikwa, na aliyembandikia alilipwa akaenda kula.

Juu ya sheria tutasema kifupi. Uingereza inataka 70 kwa mia kwenye vioo vya pembeni vya mbele. Ufaransa pia inataka 70 tangu tarehe 1 Januari 2017, na anayevunja analipa euro 135. Hapa kwetu wakubwa wa serikali wamekataza vioo vyeusi mara kadhaa, kwa ajili ya usalama, na siku ya operasioni polisi wa barabara wanasimamisha motokari na fime inang'olewa palepale kwa wembe. Mwenye motokari anarudi kwa nani kudai feza yake? Anarudi kwa mwenye duka. Na yule anayeng'oa kwa haraka kwenye kioo cha nyuma anakata ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu, na haitengenezwi kwa urahisi.

Kuna pia ujanja wa wauzaji. Wanawasha taa kubwa nyekundu ya moto, wanaweka kipande cha fime katikati, wanakuambia: weka mkono, unasikia baridi? Taa ile karibu yote ni infraruji, haifanani na jua. Tena wanaandika «infraruji 99 kwa mia», na pengine wamepima rangi moja tu ya infraruji, ile ambayo fime yao inaiweza. Namba ya kuomba ni ile ya nguvu yote ya jua iliyozuiwa, mwangaza na infraruji na ultravioleti pamoja. Muuzaji asiyeijua, ao anayegeuza mazungumzo ukiitaja, mwache. Juu ya ultravioleti usidanganyike na giza: fime nzuri ya 70 inazuia 99 kwa mia, sawa na nyeusi. Kioo cha mbele kabisa, parebrizi, kina plastiki katikati ya vioo viwili na kinazuia ultravioleti karibu yote bila fime; ni vioo vya pembeni vinavyohitaji msaada.

Sasa hesabu ya duka. Rulo zinauzwa kwa upana mbalimbali: sentimetre 50, 76, 102, 152. Ile ya 50 inavutia sababu ni ya bei ndogo, lakini kioo cha nyuma kimepinda, na fime inapaswa kukazwa kwa mashine ya kupuliza moto. Fime inajikunja vizuri kwa upande wa urefu wa rulo tu. Kwa hiyo inalazwa upana ukiwa kutoka kushoto mpaka kuume, na mikunjo inasimama juu chini. Kioo cha nyuma tulichopima kina sentimetre 140. Basi ni rulo ya 152 tu inayokifunika hivyo. Anayelaza rulo nyembamba kwa ubavu atapigana na mikunjo mpaka usiku.

Tulipima motokari ndogo ya mwalimu mmoja. Vioo vine vya pembeni vinatoka katika metre 1,80 ya rulo ya 152, na vipande vinavyobaki vinatosha kwa vidirisha vidogo. Kioo cha nyuma kinataka sentimetre 85. Jumla metre 2,65. Rulo ina metre 30, basi motokari 11. Lakini fundi mpya anaharibu. Vumbi nyekundu ya Septemba inaingia chini ya karatasi na kazi inaanza upya. Tulimwambia yaya ahesabu 9. Naye alitucheka, akasema 8 kwa mwezi wa kwanza, na alikuwa na haki.

Mwishowe aliacha zile sita. Kwa feza ile ile alinunua tatu: seramiki ya 70 kwa vioo vya mbele, kaboni ya 35, na kaboni ya 20 kwa vioo vya nyuma ambavyo kiwanda hakikuvitia giza. Nyeusi ya 5 hakununua hata metre moja. Baba yake hakupenda. Aliona rulo chache, akauliza feza ingine iko wapi. Yaya alitupatia vipande vya fime vilivyobaki, tukatengeneza kioo cha kuonyesha, namba zote zikiwa zimebandikwa kwa mstari, ili mteja atazame njiani mwenyewe mbele ya kuchagua.

Hatutawaficha kama kazi ilianza vigumu. Juma la kwanza mteja mmoja wa djipu kubwa alisema: «Mi nataka nyeusi ya mwisho, muntu asinione.» Yaya alimjibu kwa heshima: «Muzee, nyuma nitakufanyia 20, utakaa na watu wako kwa utulivu. Mbele nakuwekea hii ya 70. Joto itapunguka na wewe utaona njia.» Yule alitoka, akaenda kwa jirani. Wengine wawili walifanya vile. Lakini madereva wa teksi, wanaokaa ndani mchana kutwa, walikuja kuona lile jambo la makartoni, maana mdogo wake alikuwa ameyapanga mbele ya duka na termometri ndani. Wane walibandikiwa seramiki ya 70 mbele. Minervali ya mtoto mmoja imerudi. Ya mwingine ingali njiani, na trimestre inaisha majuma matatu kutoka leo.

Mwenzetu wa darasa la tatu ameondolewa plasta na anatembea na fimbo. Kioo cha mlango, vipande vya fime na makartoni mawili viko katika chumba cha fizika. Anayetaka kujipimia mwenyewe, aje siku ya tatu saa kumi na moja, aje na surueti nyeusi.